Turbo yangu ilikuwa inapiga "pa pa pa", nikamsingizia shemeji mafuta ya kuchakachua

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye magari na wenye miguu.

Leo nimekuja kichwa chini.

Wanaonijua humu wanajua mie nikisimulia kitu cha futi moja kinatoka na futi tisa. Ndivyo nilivyoumbwa. Marehemu mama alikuwaga anasema hata kilio changu cha kwanza nilikitia chumvi. Lakini hii ya leo chumvi iko kwenye mapambo tu. Nyama yenyewe ni ya kweli, na ingekuwa ya uongo ningekuwa nalala vizuri zaidi.

Mie ni mkazi wa Yombo, Temeke. Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi kule Ukonga. Shule nilimalizia ukubwani, masomo ya jioni. Natoka kubeba nondo, naenda kubeba vitabu. Siku napokea cheti cha kidato cha nne nilikuwa na mvi mbili na kiburi gunia zima.

Tangu siku hiyo, pale mtaani chochote kilichoandikwa Kiingereza naletewa mie. Karatasi ya dawa, maelekezo ya king'amuzi, ya pasi. Nasoma kwa sauti, natafsiri. Nisichokijua natafsiri kwa sauti kubwa zaidi.

Hiyo tabia ishikeni, tutaihitaji mbele.

Sasa gari. Gari yangu ni ya Kijapani, ya zamani, ina turbo. Aina siitaji, maana nawajua nyie, uzi utageuka ligi ya gari ya nani inakunywa mafuta.

Kwa wasiojua, turbo ni kama feni. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na yenyewe inaisukumia injini hewa ya ziada. Ukikanyaga unasikia fyuuuu, mgongo wako unaenda kukaa siti ya nyuma, wewe mwenyewe bado uko siti ya mbele.

Mwaka huu gari ikaanza kitu kipya. Nikiachia pedeli ya mafuta, huku nyuma eksozi inapiga: pa! pa pa!

Mtu mwenye akili timamu angeenda kwa fundi. Mie nikashusha vioo.

Nikawaambia vijana wa kijiweni, "Turbo ikikomaa inabweka. Hii ya kwangu imekomaa." Nikipita pale naachia mafuta makusudi ili ipige. Watoto wanakimbia nyuma ya gari, "Pa! Pa! Pa!" Kuku wa Yombo nzima waliacha kutaga. (Hapo nimeongeza. Ni wa nyumba mbili tu.)

Haukupita muda nikapewa jina. Baba Papapa. Dukani Baba Papapa, msikitini Baba Papapa. Binti yangu Nasra akitumwa sokoni anaulizwa, "Mtoto wa Papapa, baba hajambo?" Na mie nikawa naitikia, tena kwa fahari.

Hata mama mkwe wangu, anakaa Chamazi, alikuwa anacheka. "Mkwe wangu mie anapiga hodi akiwa bado Mbagala Rangi Tatu."

Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ikawaka, ile ya rangi ya chungwa. Mke wangu Zaituni akaniuliza, "Hii taa inasemaje?" Nikamjibu kitaalamu kabisa, "Hiyo ni ya kuwatisha Wajapani." Nikaibandika salotepu nyeusi. Taa ikazimika.

Wakuu, msinicheke bado. Hapa bado tuko kwenye furaha.

Zaituni kwao ni Wanyamwezi wa Tabora, ila wamekaa Chamazi miaka mingi. Mie Mzaramo. Kwa ambao hamjui, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mnyamwezi anaweza kuja msibani kwangu akakaa mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, na mie sina ruhusa ya kununa. Siku ya harusi yangu, kaka yake Zaituni, shemeji Rama, alinificha kiatu kimoja. Nilioa na kandambili.

Huyu Rama ndiye mwenye habari yenyewe. Baba yao alipofariki aliacha shule ili Zaituni asome. Anauza mbao pale Chamazi. Mtu wa maneno machache, ila akitania anatania akiwa amekunja uso, mpaka unajiuliza kama ni kweli. Zaituni hana kaka mwingine. Kwake yeye Rama ni kaka, na kidogo ni baba.

Siku moja asubuhi ikaja taarifa. Dada yake mama mkwe, dada yake mkubwa, waliozaliwa wawili tu, amefariki Chalinze. Maziko siku hiyo hiyo baada ya swala ya Alasiri.

Rama akanifuata stoo Ukonga kwa bajaji. "Shem, naomba gari nimpeleke mama akamuone dada yake."

Hapo siwezi kujilaumu, ufunguo nilitoa kabla hajamaliza kuomba. Lakini sikuutoa kimya. Nikampa na hotuba. "Ukitoka Kibaha ikanyage, shemeji. Usiionee huruma. Uisikie inavyobweka."

Akaitikia tu, "Sawa, shem."

Wakaondoka. Rama anaendesha, mama mkwe siti ya mbele kushoto, mashangazi wawili nyuma. Mie nilibaki, tulikuwa tunapokea mzigo wa saruji.

Mchana simu ikaita. Rama.

"Shem, tumepita Mlandizi, gari haivuti. Nakanyaga mpaka chini inalia tu, haiendi. Na mama anasema chini ya miguu panachoma, kuna harufu kama kapeti linaungua."

Mbele yangu kulikuwa na wateja. Nikaweka simu sauti kubwa wasikie.

"Gari haivuti au dereva ndo havuti? Hiyo mashine ya watu wenye mguu, shemeji. Mnyamwezi umezoea kubeba mizigo kichwani, turbo utaiwezea wapi?"

Wateja wakacheka. Stoo nzima ikacheka.

Rama hakucheka. Akasema, "Sawa, shem," akakata.

Mtauliza kwa nini hawakupanda basi. Zaituni alikuja kunieleza baadaye. Kila wakisimama, gari ikipumzika inakubali kidogo, wanapata matumaini wanaendelea, halafu inagoma tena. Mabasi yaliyopita yalikuwa yamejaa. Mama mkwe magoti yake mabovu, hawezi kusimama kwenye basi. Mashangazi wakamtandikia kanga zao chini ya miguu asiungue.

Alasiri ikawakuta barabarani.

Mama mkwe alipoona hawafiki, akapiga simu msibani. Binti wa marehemu akaiweka simu pembeni ya maiti, na mama akamuaga dada yake kwa simu. Yuko ndani ya gari yangu, miguu juu ya kanga, kwa spidi ya mkokoteni.

Walifika kaburi limeshamwagiwa maji.

Hapo wakuu sina pambo la kuweka.

Kesho yake Rama akanirudishia gari. Imeoshwa, tanki limejaa mpaka juu. Ndio ustaarabu wake, hajawahi kurudisha kitu cha mtu kikavu. Na juu ya hapo yeye ndiye akaniomba msamaha mie. "Shem, nisamehe, gari imenigomea mkononi."

Nikapokea msamaha kama sultani.

Nikaingia barabarani kuijaribu. Aisee. Ile fyuuuu haipo. Pa pa pa nayo haipo. Nakanyaga, injini inanguruma kama inaenda mwezini, gari yenyewe inaenda kama inasukumwa na mgonjwa. Mwenye baiskeli na tenga la kuku alinipita Buza, akaniangalia kwa huruma. Kuku nao wakaniangalia.

Nikafika nyumbani wakati wa magharibi, nikainama kuchungulia chini. Bomba la eksozi lilikuwa jekundu. Nasema jekundu, kama kaa kwenye jiko. Nikapiga ukelele, jirani akatoka na ndoo ya maji ya vyombo, kidogo alimwagie bomba likapasuka. Nikamzuia.

Nikasimama pale nafikiria, msomi mie. Gari imetoka kwangu nzima. Imerudi mgonjwa. Imerudi na tanki limejaa.

Nikapata jibu: mafuta ya kuchakachua!

Hilo neno kila mtu hapa mjini analijua. Petroli inachanganywa na mafuta ya taa, unauziwa kama petroli safi. Ukishalisema hilo neno huhitaji ushahidi, kila mtu anatikisa kichwa.

Wenye akili mshaona shimo. Gari iligoma wakati wa kwenda, Rama kajaza tanki wakati wa kurudi. Inakuwaje mafuta ya kurudi yaue gari wakati wa kwenda? Mie nilijiambia lazima aliongeza na ya kwendea. Sikumuuliza. Ukweli niseme, hilo shimo niliona likinitazama nikalifukia.

Kwa nini? Kwa sababu ukiondoa mafuta ya shemeji, anayebaki ni mie.

Nikanyonya petroli yote ya tanki, nikaitia kwenye madumu. Kidogo nikaitia kwenye chupa nyeupe ya maji. Ijumaa iliyofuata palikuwa na hitima Chamazi kwa mama mkwe. Watu wamekula pilau, wamebaki wa familia tu. Mie nikatoa chupa.

Naona aibu hata kuandika. Nilisimama wakuu. Nikaishika ile chupa juu, kwenye mwanga, kama mwalimu wa kemia.

"Angalieni rangi. Petroli safi haiwi hivi. Hii imechakachuliwa. Ndiyo iliyomchelewesha mama."

Rama akasema taratibu, "Shem, mie nimeweka pale pale Rangi Tatu unapowekaga wewe."

"Kituo ni kile kile, shemeji," nikasema. "Mkono ndo mwingine."

Nadhani nilikuwa nangoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akaniangalia, bado ana uzi wa tasbihi mkononi.

"Baba, unasema mwanangu kaweka mafuta ya taa? Akabaki na chenji? Siku ya kumzika dada yangu?"

Nikaona maji yamefika shingoni. Sasa sikieni nilichofanya, maana hiki ndicho kinachoniumiza kuliko chupa yenyewe. Nikacheka. Nikasema, "Aah, mama! Utani tu huu. Sie si watani?"

Rama akanyanyuka. Akaikunja kanzu yake, akavaa viatu mlangoni.

"Shem, mtani anatania msibani. Wewe umeutania msiba."

Akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Kwenye grupu la familia akajitoa. Nasra alikuwa na desturi ya kwenda kwa mjomba wake kila wikiendi, akawa anakaa nyumbani anauliza mjomba yuko wapi. Zaituni alikuwa ananitengea chakula, anasema "karibu", basi. Kwenye nyumba yetu ile "karibu" ndiyo ilikuwa mazungumzo ya siku nzima.

Na gari haikupona!

Nilibadilisha filta ya mafuta. Nikabadilisha pampu. Nikaweka petroli mpya, safi, niliyoisimamia ikimiminwa kama nasimamia kura. Gari ile ile, bomba lile lile jekundu.

Yale madumu ya petroli ya shemeji nilimpa kijana mmoja wa bodaboda, tunamwita Kibabu, anapaki pale kona. Nikamwambia aoshee vyuma tu, asije akatia kwenye pikipiki, ni sumu.

Siku kadhaa baadaye Kibabu kanifuata. "Braza Papapa, ile sumu yako ina zaidi?"

"Sumu ipi?"

"Ile petroli. Niliishiwa nikatia. Pikipiki inaenda kama inafukuzwa. Nimepanda nayo mpaka Mwenge na abiria wawili, haijakohoa hata mara moja."

Nikamwambia pikipiki za siku hizi zina matumbo magumu.

Jumamosi nikapeleka gari kwa fundi Side, gereji yake iko Tandika. Side ni mtu wa maneno kama mie. Tukikutana sie wawili, wasikilizaji wanalipwa posho. Zaituni alikuwa anaenda sokoni Tandika, akaomba lifti, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya mzigo. Akakaa kwenye benchi pale gereji akisubiri.

Side akaanza kwa kujiamini, "Turbo imekufa hiyo. Funga kesi." Akafungua, akaizungusha feni ya turbo kwa kidole. Ikazunguka laini kabisa, hailegei, haigusi kitu. Akaisikiliza kama daktari. "Hii turbo inakuzika wewe," akasema, akairudishia. Kesi ikafunguliwa upya.

Tukaiwasha, tukaiacha ingurume. Tukainama wote wawili. Bomba likaanza kuiva, likawa jekundu taratibu. Side akanyoosha kidole.

"Ona pale," akasema. "Wekundu unaishia wapi?"

Nikaangalia. Bomba lilikuwa jekundu kutoka kwenye turbo mpaka kwenye lile boksi la masega. Baada ya boksi, bomba lilikuwa jeusi, la kawaida. Akarushia matone ya maji kule nyuma, hayakufanya hata chss.

Masega, kwa wasiojua, ni kile kichujio cha moshi ndani ya eksozi. Ndani yake kuna vitundu vingi vidogo vidogo kama sega la nyuki, ndio maana mafundi wanaita masega.

Side akasema, "Moshi hautoki. Unarudi kwenye injini. Gari yako inanyongwa, mkuu. Mtu umemziba pua na mdomo halafu unamwambia kimbia!"

Tukaiacha ipoe. Akalegeza bolti za eksozi kabla ya masega, akaacha upenyo moshi utokee hapo. Akawasha.

Wakuu, gereji ilitetemeka. Kelele kama helikopta inazaa. Lakini alipoitoa barabarani, fyuuuu ikarudi. Gari iliruka! Side aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

Na mie nikacheka. Nikafurahi, nikapiga makofi. Zaituni kwenye benchi akanyanyua uso.

Tukafungua boksi. Yale masega yalikuwa yameyeyuka. Vitundu hamna. Limebaki donge moja la kijivu, limepinda, kama kashata iliyoanguka jikoni. Side akaligonga kwa spana. Kng.

"Mafuta ya kuchakachua haya," nikasema haraka. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikitafuta mahali pa kushika.

Side akatikisa kichwa. "Ngoja kwanza." Akaiwasha tena injini, akachomoa koili moja moja, zile zinazozipa plagi umeme. Ya tatu akaichomoa, injini haikubadilika hata kidogo. Maana yake ilikuwa haifanyi kazi.

"Umeona? Hii imekufa zamani. Silinda hii haichomi mafuta. Petroli mbichi inatoka nayo kwenye eksozi, inaenda kuungulia kwenye masega. Masega yanakuwa tanuri, yanayeyuka, yanaziba." Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kabla ya kupoteza nguvu, hii gari haikuwa inapiga huko nyuma? Kama risasi hivi?"

Nikajifanya naangalia spana.

Kibabu alikuwa pale, ameleta abiria. Akapiga kofi kwenye tanki la pikipiki. "Fundi! Unauliza nini? Si ndo Papapa mwenyewe huyu!"

Wakacheka gereji nzima. Mafundi, wapiga rangi, mama wa maandazi. "Pa! Pa! Pa!"

Mie nikamuangalia Zaituni.

Yeye hakucheka. Akamuuliza Side kwa adabu kabisa, "Kaka, tangu ianze kupiga hiyo pa pa pa mpaka kufika kuyeyuka hivi, inachukua muda?"

"Miezi, sista. Tena ukiichukua safari ndefu ukaikanyaga sana, ndo unaimalizia. Taa ya injini lazima ilikuwa inawaka."

Zaituni akainuka, akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa dereva. Akaibandua ile salotepu. Taa ilikuwa bado inawaka, maskini, inawaka peke yake gizani kule chini.

Akaibandika salotepu kwenye kifua cha shati langu. Akajifunga mtandio, akasimamisha bajaji, akaondoka.

Nilikaa kwenye benchi lile lile. Side akaacha kucheka, akaja akakaa pembeni. Nilipomweleza habari ya shemeji, akanong'ona, "Sasa mkuu, tunaweza kusema mafuta nayo yalichangia. Mie nitakuunga mkono."

Nitawaambia ukweli, nililifikiria. Nililigeuza lile wazo kama chapati, upande huu na upande ule. Cheti changu, sauti yangu, vingetosha. Wangeamini.

Lakini nikamkumbuka mama mkwe anacheka, "Anapiga hodi akiwa bado Rangi Tatu." Yeye mwenyewe alikuwa anaisikia ile sauti miezi yote. Alikuwa anaisikilizia kwa furaha, anachemsha chai. Na ndiyo iliyomnyima uso wa dada yake.

Tulifunga koili mpya na masega mengine, tukabadilisha mafuta ya injini. Lile donge nikalitia kwenye mfuko, nikaenda Chamazi.

Rama alikuwa kwa mama yao, wamekaa barazani. Zaituni alikuwa ameshafika, kakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyenyanyuka.

"Shikamoo, mama."

"Marhaba." Hajaniambia karibu.

Nikachuchumaa, nikalitoa donge, nikaliweka sakafuni. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Mbagala, nzuri, na methali mbili. Ikapotea yote.

"Gari ilikuwa mbovu kabla sijampa Rama," nikasema. "Ile pa pa pa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Na mie ndiye niliyemwambia aikanyage. Mafuta ya Rama yalikuwa safi. Mama, ni mie niliyekuchelewesha."

Kuku alikuja akaliangalia donge, akaondoka.

Mama mkwe akasema, "Dada yangu nimemuaga kwa simu, baba."

"Najua, mama."

"Hujui. Nilikuwa namwita, najua hanisikii, na ile gari inapiga kelele najisikia mie mwenyewe kwa shida."

Nililia mbele ya mke wangu, na shemeji yangu, na yule kuku.

Rama akaliokota lile donge. Akaligeuza, akalinusa. Uso umekunjwa vile vile.

"Sie Tabora masega tunayajua," akasema. "Haya ya kwako wewe Mzaramo, nyuki wamekufa wote."

Sikujua nicheke au niendelee kulia. Nikafanya vyote, ikatoka sauti mbaya sana. Zaituni akaficha mdomo kwenye mtandio.

"Huu sasa ndo utani," Rama akaniambia. "Usikie ulivyo. Ule wa kwako ulikuwa na kisu ndani." Akaliweka donge chini. "Sijakusamehe bado. Faini yako utampeleka mama kaburini kwa dada yake. Naendesha mie. Wewe utakaa alipokaa yeye."

Tukaenda Jumapili. Nikakaa siti ya mbele kushoto, mama mkwe nyuma na Zaituni. Gari imepona, chini ya miguu pako baridi kabisa, lakini kutoka Mlandizi mpaka Chalinze nyayo zangu ziliniwaka. Rama hakuikanyaga.

Kaburini mama mkwe aliomba dua, sie tukaitikia. Halafu akaupapasa udongo, akasema kama anaongea na mtu aliyelala chumba cha pili, "Dada, nimechelewa. Gari ya mkwe wetu ilikuwa inapiga pa pa pa." Akatikisa kichwa. "Ungeisikia ungecheka."

Rama alinipa bega lake niegemee pale. Kwenye grupu la familia bado hajarudi, na simlaumu. Ila Nasra ameanza tena kwenda kwa mjomba.

Sasa wakuu, nilichojifunza. Gari ikikosa nguvu na bomba likaiva, usikimbilie turbo wala kituo cha mafuta. Angalia wekundu unaishia wapi, legeza eksozi kabla ya masega uone kama nguvu inarudi. Na ukikuta masega yameyeyuka usibadilishe ukaondoka, tafuta nini kiliyeyusha, plagi na koili, la sivyo utarudi pale pale. Gari ikipiga pa pa pa haikushangilii. Inakuomba msaada.

Na la pili, kubwa kuliko hilo: ukishamsingizia mtu, usiende kujificha kwenye utani. Utani ni nyumba ya watu wawili. Ukiingia na uongo wako humo, unamfukuza mwenzako kwenye nyumba yake.

Najua mtanicheka, na mnayo haki. Wenye turbo za zamani leteni uzoefu wenu, hasa masega: mmeyatoa au mmeyaacha? Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kumbebesha mtu kosa la kwake, aje tu, benchi lina nafasi.

Mtaani bado naitwa Papapa. Gari sasa iko kimya, inapita haisikiki. Chamazi siku hizi mama mkwe hanisikii nikija. Nafika mpaka mlangoni, navua viatu, napiga hodi kama watu wengine, halafu nasubiri niambiwe karibu.